Mistari Mitatu

Fomu imeacha mistari mitatu ya vidoti
chini ya swali: Kwa nini unataka kusoma katika shule hii?
Mwalimu Hokororo alituonya Ijumaa,
chaki nyuma ya sikio:
andikeni nidhamu, andikeni taaluma, andikeni maadili mema,
na mwandiko usipande mlima.

Nimeandika nidhamu. Nimeandika taaluma.
Maadili yamegonga ukingo wa karatasi,
nikayakunja kama shuka.

Penye Dini nimeandika Uislamu.
Kalamu ilisimama kidogo, ikaendelea.
Bibi alikuwa akichungulia kupitia bega langu:
"Waandikie wazi, wasije wakasema tuliwaficha.
Na Ramadhani uhesabu siku zako mwenyewe,
kengele yao haitakuamsha kula daku."

Mama ana sababu yake: geti,
geti refu la chuma linalofungwa saa kumi na mbili.
Nyuma ya nyumba yetu, hapa Yombo, kuna baa
isiyojua usiku umeingia saa ngapi;
spika zake hutikisa vikombe kabatini,
nami nimejifunza sehemu na desimali
mlevi akigombea chenji yake chini ya dirisha.
Mama hutamka geti
kama wengine wanavyotamka Pepo.

Baba ana hesabu. Ada ameigawa kwa kazi za Gerezani:
"Injini mbili na giaboksi sita mpaka Januari,
kama wateja hawatakopa."
Hajasema hapana.
Kwa baba, hiyo ndiyo ndiyo yenyewe.

Sababu yangu haikuenea kwenye vidoti.

Siku ya kuchukua fomu tulifika mapema mno.
Uani palikuwa na pikapu nyeupe imepigwa jeki,
na chini ya pikapu, viatu:
viatu vyeusi vya kamba, soksi za kijivu,
pindo la gauni la kitawa limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Nikadhani mtu ameanguka.
Sauti ikatoka uvunguni:
"Wewe uliyesimama, nipe kumi na nne."

Sikuuliza kumi na nne ya nini.
Spana nilizijua kabla sijajua irabu,
nikizipanga sakafuni kwa ukubwa, nikizifuta kwa dizeli,
kisha naambiwa nipishe,
maana wa kuzishika ni Ngwali, kaka yangu,
ambaye mpaka leo nati anaiita bolti.
"Mwasiti, kalete maji ya kunawa."
Nimebeba maji mengi
ya kunawa mikono ya watu.

Nikampa kumi na nne. Mkono ulitoka
mweusi kwa grisi mpaka kwenye saa,
pete ya nadhiri ikiwaka katikati ya uchafu.
"Hukutazama namba," ikasema sauti.
"Ina uzito wake," nikasema.
Kimya.
Kisha kicheko, kule chini,
kikagonga bomba la moshi, kikatoka nje.
"Haya, sasa kumi na saba."

Tukatoa upepo kwenye breki ile pamoja,
mimi nikikanyaga, yeye akikaza,
kanyaga, shikilia, achia, kanyaga,
mama kwenye benchi akiwa ameziba mdomo kwa kanga
asijue kama acheke au aniite.
Alipotoka, Sista Redempta, shela imempinda kichwani,
akaelekea bombani kunawa.
Nilikwisha inama kuichukua ndoo.
Maji alijichotea mwenyewe.

Basi kwenye pembe ya fomu, karibu na picha yangu,
kuna alama ya dole gumba, nyeusi.
Mama ameisugua kwa ufutio,
kwa mate, kwa ncha ya kanga.
Imekolea.